Kiti cha Ijumaa

"Dada Siwema, leta maji ya kunawa."

Mtoto aliyeagiza alikuwa wa kumzaa mwenyewe. Siwema alinyanyuka pale jikoni, akachukua birika na beseni, akaingia sebuleni kwa Chande na kuwapitishia wageni mmoja baada ya mwingine. Mikono ya mwisho ilikuwa ya binti yake. Vidole vile alivijua kabla havijajua kushika kijiko. Akamimina maji bila kuinua macho, na Mariana naye akanawa bila kuinua macho, kama watu wawili wanaovuka mto kila mmoja akiogopa kumwangusha mwenzake.

"Shoga, wewe umebarikiwa," alisema Bi Ummy, mshona nguo wa sokoni Mwanga, akimega ugali. "Mtoto ana adabu, mtumishi ana adabu. Huyu msichana umemtoa wapi, na mimi nikachume huko?"

"Huko ndani, ukishapita Mwandiga," Mwasiti, mke wa Chande, alijibu upesi. "Mdomo mzito, lakini mikono myepesi."

"Afadhali huyo. Wangu mimi mikono mizito, mdomo ndio haushikiki!"

Wakacheka. Siwema naye akatabasamu kidogo, maana mtumishi asiyetabasamu mbele ya wageni huulizwa ana nini.

Katika nyumba ile ya Ujiji, watu wawili kati ya wanne walikuwa na maisha mawili. Mbele za watu Mariana alikuwa Lulu, binti wa Chande na Mwasiti, aliyekuwa akilelewa kwa bibi yake na sasa amerudi kusoma. Mama yake alikuwa msichana wa kazi. Mambo hayo yalipangwa mwaka uliotangulia, pale vita vya ng'ambo vilipowamwaga watu ziwani, na Siwema akashuka kwenye mtumbwi uliotoka Baraka, upande wa pili wa ziwa, maji yamemfika kifuani, mtoto mgongoni. Mumewe Assani alisema angefuata na mtumbwi mwingine. Hakuonekana tena. Chande, ambaye kwa miaka mingi alinunua mawese kwa Assani, aliwakuta mchangani na kuwaleta nyumbani kwake badala ya kuwaacha wapelekwe kambini na wenzao.

"Ni kwa muda tu," Chande alisema siku ile. Alisema kwa moyo mweupe. Mwasiti naye alisema hivyo hivyo.

Ulimi wa mtoto uliikamata Ujiji kabla mvua hazijaisha. Ulimi wa mama ulikataa. "Ukisema *sombe* pale sokoni tumekwisha sote," Mwasiti alimwonya. "Sema kisamvu. Au usiseme kabisa, ndiyo salama." Siwema akachagua kutosema kabisa.

Jikoni tu, moshi ukiwa umewafunika, ndipo Mariana alipomwita mama.

---

"Mama," alinong'ona siku moja akiwa bado na sare ya shule, "leo nimekalia kiti cha mwalimu."

"Nani amekuruhusu?"

"Mwalimu mwenyewe!"

Siwema akaacha kukoroga. Habari za Mwalimu Bonaventura alikuwa akizisikia kila siku. Alikuwa kijana wa Mwandiga, mgeni pale shuleni, amepewa darasa la sita lililojaa mpaka madirishani. Fimbo yake aliiweka juu ya kabati tangu siku ya kwanza akasema, "Ipo pale. Anayeitaka ataniambia." Walimu wenzake walimwita mwalimu wa pipi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Aliyekosa ananyoosha kidole na kusema, "Ni mimi." Akisema hivyo hapigwi; anatengeneza alichoharibu, basi. Na Ijumaa, kipindi cha mwisho, kabla watoto hawajaachiwa waende msikitini, yule ambaye kusema kwake kulikuwa kugumu kuliko kwa wenzake alikwenda kukaa kwenye kiti cha mwalimu. Mwalimu alihamia benchi la wanafunzi, akabanwa katikati yao, na darasa zima likampiga mtoto makofi ya kilo: matatu, matatu, na lile moja la mwisho la kupasua paa.

"Nilivunja mtungi wa maji ya kunywa," Mariana alieleza. "Ulinitoka mkononi. Hakuna aliyeniona, mama. Wote wakamgeukia Faridi, maana yeye ndiye huvunja vitu. Akaanza kulia kabla hajaulizwa! Nikasimama. Nikasema, ni mimi."

"Hakukupiga?"

"Hakunipiga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Faridi akasema, 'Mwalimu, mimi nimevunja kimya, je, sipati kiti?' Tukacheka mpaka mwalimu akacheka." Akasogea karibu zaidi. "Halafu nje Faridi akaniambia siri. Ile rula kubwa ya ubaoni iliyopotea ni yeye aliichukua, akachongea vijiti vya tiara. Anaogopa kusema. Ameniambia atanitazama mimi kwanza. Akiona miezi inapita sijapigwa, na yeye atasema."

Uso wa mtoto ulikuwa unawaka. Siwema hakuwa ameuona hivyo tangu ng'ambo. Alitaka kumshika mashavu na kumwambia baba yake angefurahi. Badala yake akasema, "Vizuri. Lakini usizoee."

"Nisizoee nini?"

"Kuonekana."

---

Mariana alizoea. Ijumaa baada ya Ijumaa, kama si yeye kitini, ni mtu aliyemfuata yeye kusema. Hata ikawa mchana mmoja Mwalimu Bonaventura akaegemeza baiskeli yake ukutani kwa Chande, akapiga hodi.

"Mwakeye," alimsalimia Siwema kwa Kiha pale uani. "Za kazi, dada?"

Siwema akainamisha kichwa. Kwamba alisalimiwa kabla ya wenye nyumba ni jambo aliloliweka moyoni.

Sebuleni, mwalimu alieleza alichokuja nacho. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Mtoto wa Bwana Chande ameligeuza darasa. Watoto waliokuwa wakisingiziana sasa wanasimama wenyewe. "Sasa nimeona harusini kwenu hapa Ujiji mnavyotunza," alisema, akiwa na haya kidogo. "Mama anamfunika bi harusi kanga mbele ya watu, vigelegele. Nataka mtoto akae kwenye kile kiti mbele ya wazazi wote, na mama yake aje amtunze. Nataka wenzake waone kwamba ukweli nao una watu wake wa kuushangilia."

"Nitakuja," Mwasiti alisema kabla hajamaliza. "Nitakuja, mwalimu, na watu wangu!"

Chande alingoja baiskeli ipotee kwenye kona. "Mtendaji wa kata atakuwepo?"

"Dismasi? Si amekula ugali katika nyumba hii?"

"Mke wangu, gari la matangazo lilipita jana. Wageni wote waende kambini, na anayewaficha naye ana kesi. Hukulisikia?"

 Mwasiti akasema kwa sauti ya chini, ambayo hakuwa nayo kila siku, "Tangu uniingize humu ndani, hakuna mtu aliyewahi kuniita mama wa mtu. Sasa hivi nikipita sokoni, Mama Lulu huku, Mama Lulu kule. Niache nimtunze mtoto siku moja tu."

Mlangoni, Siwema alikuwa ameshika ungo wa unga. "Na mie?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza sebuleni mule siku nyingi.

Mwasiti alimtazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Wewe utanibebea mkoba wa kanga," alisema.

Jioni ya kuamkia siku ya wazazi, Siwema alimsuka binti yake uani. Mariana alikaa kati ya magoti yake akichora mchangani kwa kijiti.

"Mama, nikikaa pale kesho nitakuwa nasema uongo?"

"Utakuwa umekaa tu."

"Lakini jina watakaloliita si langu. Na atakayekuja kunitunza..."

"Usitikise kichwa. Nitakosea njia."

Akasuka mpaka mwisho. Njia zote zilitoka zimenyooka.

---

Wazazi walijaa uwanjani kwenye madawati. Mbele ilikaa meza yenye kitambaa, na Dismasi mtendaji akijifuta jasho, na kando ya meza kile kiti chenyewe. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, mguu mmoja umefungwa waya. Mwasiti alikaa mstari wa mbele katika gauni jipya, Bi Ummy na wanawake wa Mwanga wakimzunguka. Siwema alisimama nyuma kabisa, kando ya ukuta, pamoja na wauza karanga. Mkoba ulikuwa mtupu sasa. Doti ya kanga ilikuwa tayari mikononi mwa Mwasiti.

"Lulu Chande!" aliita Mwalimu Bonaventura.

Mariana akapita katikati ya watu, akakaa kitini. Miguu yake haikutulia. Mwalimu alisimulia habari ya mtungi, watu wakacheka, wakasema mashallah. "Na sasa," alisema, "mama yake mzazi aje amtunze."

Vigelegele vikapanda. Mwasiti alikwenda akicheza kidogo mabegani, kama inavyopasa, kanga imetandazwa mikononi. Alikuwa amefika, tena alikuwa ameinama kumfunika, mtoto aliponyoosha kidole.

Ilikuwa ni desturi ya darasa, na mwalimu aliijibu kama darasani, bila kufikiri. "Ndiyo, Lulu. Sema."

"Mwalimu, ni mimi. Nimekosa." Sauti ilitetemeka, lakini ilisikika mpaka ukutani. "Mimi siitwi Lulu. Na huyu ananilea, lakini si mama yangu mzazi. Mama yangu ni yule pale."

Kidole kilisogea hewani, kikavuka madawati yote, kikatua kwa Siwema.

Kwanza watu waligeuka. Kisha Bi Ummy akasema, si kwa ubaya, kwa mshangao tu, "Yule mtumishi?"

Na darasa la sita, lililokaa chini mchangani, likafanya lilichofundishwa. Lilipiga makofi ya kilo. Matatu, matatu, na moja. Watu wazima hawakupiga. Mwasiti alibaki ameinama na kanga yake, hajui aiweke wapi. Mtendaji akakunja leso yake taratibu, kama mtu aliyetamani kuwa kwingine.

"Bwana Chande," alisema mwisho. "Jumatatu, ofisini. Wote."

---

"Umenivua nguo!" Mwasiti alilia nyumbani, akimwelekea Siwema kwa kuwa mtoto hakuthubutu kumwelekea. "Mbele ya watu wa Mwanga! Nilikukosea nini mimi? Hukula? Hukulala?"

"Nilikula, dada," Siwema alisema. "Nililala."

"Basi mbona?"

"Mie sikumutuma."

Mwasiti aliujua ukweli huo, ndiyo maana alilia zaidi. Alipochoka, akakaa kwenye kibao cha mbuzi pale jikoni, gauni jipya likiburuzika kwenye majivu, akasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyafikiria njia nzima.

"Dismasi si mtu mbaya. Chande amekwisha ongea naye. Anachotaka ni jambo linyooke. Tukimwambia mtoto alishikwa na woga, watoto husema mengi mbele ya watu, itapita. Wewe utakwenda kambini, hilo halina dawa. Ulimi wako wenyewe unakushtaki. Lakini mtoto abaki, Siwema. Asome. Mwaka mmoja tu umebaki kufika mtihani. Kule atasoma nini, vumbi?"

Siwema alitazama moto. Hakuona hila katika maneno yale, na hilo ndilo lililomwumiza. Mwasiti alimpenda mtoto. Angemlisha, angemsomesha, angemtafutia mume mwema. Kilichotakiwa kwa mama ni maneno mawili tu.

"Nitasema," alijibu.

"Utasema nini?"

"Si wangu. Nitasema, si wangu."

Mwasiti akamshika mkono, akaubusu. Hakuwahi kuubusu kabla ya siku ile.

---

Nje ya ofisi ya kata watu walikuwa wengi: wanawake wenye sufuria vichwani, wazee waliokaa juu ya magodoro yaliyokunjwa, na watoto wakichezea uzi. Siwema aliwapita na kuyasikia maneno ya kwao, lafudhi ya kwao, na akainamisha kichwa kama mtumishi.

Ndani alikuwa Dismasi, na Chande, na Mwasiti. Mwalimu Bonaventura alisimama ukutani, Mariana kando yake. Mwalimu alikuwa amekuja bila kuitwa.

"Mheshimiwa, kosa ni langu," alianza. "Mimi ndiye niliyemweka kitini."

"Mwalimu, kaa kimya, nakusaidia na wewe." Dismasi alisugua macho. Alionekana hajalala vizuri kwa siku kadhaa. "Mimi sitaki maneno mengi. Bwana Chande ananiambia mtoto ni wake, alichanganyikiwa siku ile. Inawezekana. Nina watoto, nawajua. Nataka neno moja tu, kutoka kwako." Akamgeukia Siwema. "Wewe msichana. Huyu mtoto ni wako?"

Siwema alikuwa nayo maneno, yamekaa tayari nyuma ya meno. Alikuwa ameyarudia njiani, kisimani, kitandani. Akafungua mdomo, na macho yake yakaenda chini yenyewe, pale pale yalipozoea kwenda aliposhika birika.

Mariana aliyaona macho yale. Darasani alikuwa ameyaona mara nyingi, kwa Faridi, kwa wengine. Akatoka ukutani hatua moja, na kwa ile sauti ya upole anayoitumia mwanafunzi mkubwa kumtia moyo mdogo akasema:

"Sema tu, mama. Hupigwi."

Siwema akamtazama mwalimu. Mwalimu Bonaventura alikuwa ameinamisha uso, alijua. Mtu mzima yeyote katika chumba kile alijua, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza mtoto kwamba mambo hayako hivyo nje ya darasa. Mwasiti alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kama mtu anayeomba dua.

Kumbe hakukuwa na maneno mawili. Kulikuwa na mtoto anayengoja.

"Ni mimi," Siwema alisema. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, akasema yote, kwa ulimi wake wenyewe, kwa sauti ambayo mji ule haukuwahi kuisikia. "Mama yake ni mimi. Nilimuzala kule Baraka. Baba yake Assani. Yeye anaitwa Mariana."

Mwasiti akatoa sauti ndogo kama ya mtu aliyechomwa mwiba.

Mariana akapiga makofi. Matatu. Matatu. Kabla ya lile la mwisho alimwangalia mwalimu, maana lile la mwisho hupigwa na watu wote. Mwalimu Bonaventura aliinua mikono yake mpaka kifuani, ikamshinda, akaishusha. Basi Mariana akalipiga peke yake.

"Haya," alisema Dismasi, akitazama dirishani. "Lori ni Ijumaa."

---

Chande aliwapakia gunia la muhogo na kidumu cha mawese, akaenda kusimama mbali. Mwasiti alikuja akiwa amevaa nguo za nyumbani. Aliikanyaga tairi ya lori, akajivuta mpaka juu, akamfunika Mariana ile doti ya kanga mabegani na kuifunga fundo chini ya kidevu, vizuri, kwa kukaza. Akajaribu kigelegele. Hakikutoka.

"Nisamehe, mama," Mariana alimwambia. Alimwita mama.

"Nyamaza. Usije ukaiuza hiyo, ni ya baridi." Kisha akamgeukia Siwema, akamnyooshea ncha ya kanga aliyojitanda begani.

"Mama Lulu, shuka, gari linaondoka!" mtu aliita chini.

Mwasiti akageuka alivyozoea. "Nakuja," alisema.

Lori lilipandisha polepole kutoka mjini, watu wamesimama wameshikana mabega. Lilipofika karibu na shule dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya mashimo, na madirisha ya darasa la sita yalikuwa wazi. Makofi yakatoka. Matatu, matatu, na moja la kupasua paa.

Mariana akacheka, akamvuta mama yake mkono.

"Ni Faridi, mama! Amesema ile rula!"

"Umejuaje?"

"Aliniambia atanitazama mimi kwanza," Mariana alisema, akijinyoosha kuyaona madirisha yanavyorudi nyuma. "Ameona sikupigwa."

Siwema akaikaza ile kanga chini ya kidevu cha mtoto, ingawa fundo halikuwa limelegea.